Barafu ya Fainali

Mimi sikucheza. Niliseme hilo mapema
kabla hamjaniuliza jezi yangu ilikuwa namba ngapi.
Mimi nilibeba ndoo.

Chuo chetu cha ukutubi, Kurasini, nyuma ya maghala,
kina wanafunzi mia na kumi, wavulana thelathini na mmoja,
na kati yao kumi na wawili tu
walikubali kuinamia ule mpira mweupe
usiojua huruma kwa muundi wa mtu.

Hemedi Kisanko alipompigia mama yake simu,
"Mama, nimeingia kwenye magongo,"
mama alisikia gongo,
akalia mpaka salio likaisha.
Kesho yake wajomba wawili wakatokea bwenini,
wakanusa mdomo wa kijana, wakanusa na gongo lenyewe,
wakaondoka wakitikisa vichwa:
afadhali angekunywa, dawa yake tunaijua.

Magongo saba alitupa fundi Harbans wa Gerezani,
zamani winga ya kushoto, siku hizi vitanda na makabati.
Matano tulichonga wenyewe, mazito,
ukipiga mara tatu vidole vinakusahau.
Na kipa wetu, Chambuso, alivaa godoro.
Sisemi kwa mafumbo. Godoro la inchi nne,
limekatwa kwa kisu cha jikoni, limefungwa miguuni
kwa mipira ya baiskeli.
Usiku wa kuamkia fainali
alilala juu ya chaga.

Vyuo vinne, siku mbili, uwanja mmoja wa changarawe.
Wahoteli tuliwatoa mbili kwa nunge,
nao, kwa adabu ya kazi yao, wakatupa mikono
wakauliza kama tumeridhika na huduma.

Kisha wapima ardhi wa Tabata.
Walikuja na futikamba.
Kabla ya kupasha misuli walipima malango yote mawili,
wakamwita refa, Bi. Sikujua Mandwanga, wakamwonyesha:
lango lao limelizidi letu viganja viwili.
Bi. Sikujua akatia filimbi mdomoni, akaitoa.
"Kipindi cha pili mtabadilishana dhambi."

Februari, saa tisa, jua limepiga kambi shingoni.
Barafu niliinunua Feri, pande zima,
nikaizungushia unga wa mbao na gunia;
kufika Kurasini robo yake ilishakunywewa na barabara.
Pazi, anayesoma hata karatasi za kufungia vitumbua,
alituambia ziko nchi
watu wanacheza magongo juu ya barafu,
wamevaa visu miguuni.
Tukacheka. Uwanja mzima wa barafu!
Nani analipa? Nani anaikokota?

Dakika ya hamsini na tatu, moja kwa moja.
Kona fupi, yao.
Mpira ukampata Hemedi kwenye muundi,
mlio wa kuni kavu.
Nikakimbia na ndoo. Tukamvuta hadi pembeni,
nikamwekea barafu, maji yakamshukia kiatuni,
yeye macho uwanjani, si mguuni.
"Bonyeza," akasema. Nikabonyeza.
"Bonyeza zaidi."
Nilikuwa nimewapa mgongo.
Goli lililotunyima kombe sikuliona.
Niliuona uso wa Hemedi ukiliona.

Baadaye nahodha wao akaja anachechemea,
kombe la bati kwapani, haya imemjaa,
akauliza kama imebaki.
Imebaki kama kipande cha sabuni cha mwisho wa mwezi.
Hemedi akakivunja kwa mpini wa gongo,
akampa kimoja.
Mpimaji akavitazama vyote viwili, kwa jicho lake lile,
akasema, "Changu kikubwa,"
akabadilisha.

Jumatatu nilipewa daftari la mashindano nilipange rafuni.
Magongo ya nyasi na changarawe, kila mkutubi anajua,
ni 796.355.
Nilishika kalamu muda mrefu.
Nikaandika 796.962,
ya kule kwenye barafu.
Mwalimu ataligundua, atanirudisha darasa la kwanza.
Sawa. Lakini mimi nilichokishika siku ile,
mpaka viganja vikafa ganzi,
nakijua.