Mahali Pasipo na Bahari

Kisiwa chetu ni mjusi aliyenyooka majini.
Jumapili nikitoka Velas na tangi limejaa,
kabla sijamaliza kuwaza wazo moja nimeshafika Topo,
pale barabara inaponiambia: basi, geuka.
Miaka thelathini na minne nimegeuka.
Lile jabali la mwisho nimeligeukia mara nyingi
kuliko nilivyojigeuza kitandani.

Sasa kiwanda cha jibini kimenipa kiinua mgongo na saa ya ukutani,
na Leonilde ametandaza ramani mezani,
pembe zake kazikandamiza kwa sufuria, chupa ya siki,
kisu cha mkate, na kiwiko chake mwenyewe.
"Chagua. Miezi saba. Kontena la Gaspar linaondoka Machi,
litabeba pikipiki na malalamiko yako."

Nikaweka kidole Patagonia:
upepo wa kumwangusha ng'ombe, kokoto siku nzima,
kituo kimoja cha mafuta, na mwenyewe amelala.
Akacheka. "Upepo? Belarmino, juzi tu
upepo ulitubebea banda hadi kwa jirani, na kuku ndani.
Leo ulipe nauli kuufuata?"

Iceland, nikasema.
"Mawe meusi, ukungu, kondoo.
Toka mlangoni, tazama, rudi unisimulie."

Kanada, basi.
"Kwa kaka yangu Hermínio? Atatuketisha sebuleni wiki tatu
tukitazama picha za kisiwa hiki hiki."

Nikapandwa na hasira ndogo,
ile ya mtu mwenye njaa ya kitu asichokijua jina.
Wenzangu huota milima na mahekalu.
Mimi nilitaka barabara tu,
ambayo nikiwasha taa jioni haijaisha,
nikiamka asubuhi haijaisha,
barabara ya kunizeesha.

Yeye kimya, akikwangua kwa ukucha
tone la nta lililogandia Uturuki.
Kisha akaondoa kiwiko. Ramani ikajikunja,
akaikunjua kwa kiganja, taratibu,
kama anyooshaye shuka ya mgonjwa.
Akachukua uzi wa kufumia, akapima:
kutoka maji haya hadi ndani,
kutoka maji yale hadi ndani.
Uzi ukakutana Kazakhstan, mashariki kabisa,
mahali penye rangi ya ganda la mkate,
bila jina, namba ya barabara tu.

"Hapa."
Kuna nini hapo?
"Hakuna kitu. Nina miaka sitini na miwili,
sijapata kusimama mahali
nikageuka pande zote nisiione bahari.
Nimezaliwa inanitazama. Nimefua inanitazama.
Tulipomzika mama ilikuwepo, nyuma ya padri,
inang'aa kama haijui lolote.
Nataka siku moja initafute, inikose."

Nikakosa la kusema.
Miaka yote nilidhani mwenye hamu ya kuondoka ni mimi,
na yeye ndiye kamba.

Asubuhi nikaenda dukani kwa Telmo kuagiza vichujio vya hewa
kwa ajili ya vumbi. Vumbi!
Sisi hapa twajua chumvi;
mnyororo wangu nimeubadilisha mara tisa, kutu tupu.
"Mnakwenda kuona nini huko?" akauliza.
Kutoona, nikamjibu.
Akaniuzia vitatu.

Usiku ule Leonilde alifunga madirisha yote,
akaziba nyufa kwa matambara,
akazima redio, akachomoa hata friji.
"Nafanya mazoezi," akasema.
"Nijue kama nitapata usingizi bila yake."

Tukalala chali, macho wazi, kama wezi
walioingia nyumba wasiyoijua.
Saa saba. Saa nane.
Kupitia tundu la ufunguo
ikaingia: shwaa. Ikatoka.
Shwaa.

"Mbali zaidi," akaninong'oneza gizani.
"Ongeza kilomita."