Matofali ya Rangi

Mwaka ule bei ya kahawa ilipopanda
mama alinunua ndoo ya rangi nyekundu
na uzi wa kupimia.
Siku tatu alipiga magoti mbele ya ukuta
akichora matofali yasiyokuwapo:
mstari, mstari, kona.
Chini ya rangi, chokaa.
Chini ya chokaa, udongo na samadi ya nyumbu,
na ndani kabisa mianzi
aliyoikata babu alfajiri, mwezi ukififia,
utomvu ukiwa umeshuka mizizini.

"Nani ataposa kwenye nyumba ya fito?"
alisema Otilia Marulanda, mama wa mabinti watano.
Kule mjini Calarcá walituita watu wa mwanzi,
nasi tulijibu kwa kutazama viatu vyetu.

Kisha ardhi ikatikisika, saa saba mchana,
wali ungali jikoni.
Roshani ya zege ya don Aldemar,
fahari ya mtaa mzima,
ililala juu ya pikipiki yake.
Nyumba yetu ililia kama kapu lililoelemewa,
ikainama, ikainuka.
Kwetu matofali ndiyo yaliyopasuka:
yale ya rangi.
Mama aliyachora upya kabla ya Jumapili.

Leo Yurani, binti yangu, amerudi kutoka Bogotá
na kijana mwenye miwani ya duara
anayegonga ukuta kwa kidole
kama daktari anayesikiliza kifua.
Wanasema mwanzi ni nyenzo ya kesho,
unakua ukiutazama, unameza hewa chafu,
msitu haupungui.
Mama anasikiliza kwa adabu,
kama anayesimuliwa habari za mumewe
na mtu asiyewahi kulala naye.

Wanataka kubandua chokaa. Mwanzi uonekane.
Wageni watalipa.
"Mnaivua nguo nyumba ya watu," mama anasema.
Kimya. Kijana anafuta miwani.
"Watalipa ngapi?"
Yurani anamtajia, kwa usiku mmoja.

Mama anacheka mpaka anakohoa,
anashika mlango, anacheka tena:
"Kwa bei hiyo
ningewaoza wote watano kwa wiki!"

Sisi tuliolewa watatu.
Hakuna aliyelitaja hilo.

Halafu akamnyang'anya kijana kikwaruzo,
akapiga magoti, polepole, goti la kulia kwanza,
akaanzia konani, palepale alipoanzia,
vumbi jekundu likimjaa mapajani.
Tofali moja, lile la chini,
akalipita.