Maji Yalikuja Alhamisi

Maji huja Kayole usiku wa Alhamisi,
hayapigi hodi. Bomba linakohoa,
linatema hewa, kisha kutu,
na ploti nzima inaamka bila taa,
mitungi ikigongana gizani kama mbuzi mnadani.
Mimi sikuamka. Nilirudi saa saba
na vumbi la Njiru hadi ndani ya masikio.

Asubuhi pikipiki ilikuwa imesimama.
Hilo ndilo lililonishtua: ilikuwa imesimama
mahali pake, kando ya ngazi,
lakini kama mtu aliyeanguka
akainuka upesi akiomba hakuonekana.
Usukani unatazama lango, gurudumu linatazama choo.
Kioo cha kushoto kimepasuka, na katika kila kipande
jirani mmoja ananichungulia.

"Nani?" nikauliza ua mzima.
Mama Ajwang' alikuwa anafua, akazidi kufua.
Mzee Gichohi wa chumba cha pili akasema paka.
Paka! Chuma cha kilo mia na ushei!
Paka huyo analipa kodi?

Nikavua shati. Fundi wa stejini angetaka mia tano
ya kuangalia tu, na kuangalia hata mimi naangalia.
Nikafunga koki. Nikalegeza skrubu chini ya kabureta,
petroli ikalia tone tone mpaka ikakaukiwa.
Plagi nikaifuta kwa pindo la fulana.
Kisha foku: unalegeza nati, unapiga magoti,
unalibana gurudumu katikati ya mapaja
jinsi Nduku anavyobana kichwa cha mtoto anayekataa kusukwa,
unashika usukani, unazungusha,
unasema nao polepole
kwa sauti usiyoitumia kwa watu.
Ukarudi. Si wote. Tangu leo nitakwenda moja kwa moja
mkono wa kulia ukiwa umekunjika kidogo.

Halafu nikafika kwenye mkono wa klachi.

Ulikuwa umevunjika katikati,
na pale ulipovunjika umefungwa uzi mweusi,
ule wa nywele, mizunguko imelala sambamba,
hakuna uliopanda mgongo wa mwenzake,
fundo limefichwa chini, lisichome kiganja.
Vidole vyangu havijui fundo hilo.
Kila kichwa cha mtoto ploti hii kinalijua.

Siku tatu hatukuwa tumesemezana.
Ilianza na karo, ikapitia kwa dada yangu,
ikaishia kwenye sufuria, sijui kwa nini sufuria.
Tulikuwa tunamtuma Mutheu:
mwambie babako chakula kiko mezani,
mwambie mamako nimeshiba.

Nikaketi chini na spana namba kumi.
Nikaona giza, mtungi wa lita ishirini kila mkono,
nyonga ikigusa tangi, kishindo
alichodhani kitaniamsha.
Nikamwona akisikiliza mlangoni, mimi nikikoroma.
Halafu akiinama, kwa mgongo ule ule
unaomuuma tangu azaliwe Mutheu,
akainua kitu ambacho mimi, mwanamume wa steji,
hukiinua nikitukana.

Barabara ya Kirinyaga wanauza mkono mpya mia tatu hamsini.
Ninazo. Sijaenda.
Nikaubana kwa vidole viwili. Uzi ukalalamika, ukashika.
Nikapiga kiki, ikakohoa kama bomba.
Ya pili, kimya. Ya tatu na ya nne, kimya.
Ya tano ikawaka, moshi wa buluu ukapanda
hadi kwenye shuka za Mama Ajwang',
akanitukania ukoo hadi kwa babu nisiyemjua.

Nduku akatoka na kikombe. Hakumtuma mtoto.
Nilikuwa na maneno mengi, yote ya karo.
Nikauliza, "Nani alikusaidia kuinyanyua?"

Akatazama uzi. Akatazama kidole changu chenye grisi
kilichokuwa bado juu yake.

"Maji yalikuwa yanapita," akasema.
"Ningemngoja nani?"