K Ndogo

Masalu alipohamia Geita aliniachia ufunguo wa ofisi,
kiti kisichoegemeka, na programu aliyoiandika mwenyewe
ya kupimia dagaa wa Mwaloni.
Amri zake zote herufi moja moja:
kistari, p. Kistari, t. Kistari, k.
"Vidole havilipwi posho," alisema,
"na umeme wa Kirumba haungoji umalize sentensi."

Hilo ni kweli. Nimefunga hesabu nyingi
betri ikiwa asilimia nne,
wadudu wa ziwa wametapakaa kwenye kioo
hata sijui nukta ipi yangu, ipi ina mabawa,
na kistari kifupi kikaniokoa.

Lakini Jumanne ile, saa nane usiku,
nilitaka kukagua tu.
K, nikajiambia, ni kagua. Ingekuwa nini tena?
Nikabonyeza. Haikuuliza, haikukohoa.
Ilinirudishia mstari mtupu,
kwani vyombo hivi vikinyamaza ujue kazi imekwisha.

Kumbe kagua ni K kubwa.
K ndogo ni kata.
Ilikata deni la chumvi na magunia
kwa wanawake sitini na mmoja
waliokwisha kukatwa Jumatatu.

Asubuhi Nkwimba Lushinge alisimama mlangoni,
magamba yaking'aa kwenye viwiko,
simu mkononi, ujumbe wa malipo umefunguliwa.
Hakupiga kelele. Aliomba nimwonyeshe
mahali palipoandikwa akatwe mara mbili.
Nikamwonyesha.
Akainama, akatazama kitambo.
"Hapa pameandikwa k," alisema.
"Mimi kwenye daftari langu la madeni
naandika jina, la baba yake, na kisiwa alikotoka.
Akina Nkwimba tuko wanne pale gatini."

Fedha zilirudi Ijumaa.
Nimelifungua faili la kazi za usiku,
lile linalojiendesha nikiwa nimelala,
nikaandika upya, vistari viwili viwili:
--kagua
--kata-deni
--mara-moja-tu
Mstari umerefuka kama foleni ya kivuko cha Kamanga.
Atakayekuja baada yangu atausoma
bila kunitafuta.

Masalu nilimpigia. Alicheka, kisha akanyamaza.
"Mimi nilikuwa najua maana yake," akasema.

Na mimi sasa najua; ndiyo hatari yenyewe.
Nikiwa peke yangu bado naandika k.
Jana tu nimeiandika.
Ila kwanza niliitamka kwa sauti, kata,
na mlinzi akachungulia dirishani
kuuliza anakatwa nani.