Kisima cha Povu

Chema chajiuza, wasemavyo.
Mbona basi Bwana Lubomir kalipia
mita thelathini na sita za sakafu
ukumbi namba tano, Poznań,
kati ya wauza trekta na wauza mabomba?

Alitaka rafu. Rafu, vipeperushi,
jina la kampuni kwa herufi za urefu wa mtu,
na bakuli la peremende.
Nikamuuliza: mgeni akiingia, asikie nini kwanza?
Akasema: bei.

Miaka ishirini na sita, kule Kalisz,
nilijenga makasri kwa mbao za makreti
hadi karakana ya tamthilia ikafungwa, pakawa maegesho.
Nimebaki na ujuzi mmoja:
jicho halikithamini kilichoangaziwa tangu mwanzo.

Basi nikampa giza.

Ujia mwembamba, hatua kumi na moja,
kuta za felti nyeusi zinazomeza ukumbi kidogo kidogo:
kwanza vipaza sauti, kisha viatu,
kisha yule wa trekta anayelipwa kucheka.
Zulia likakoma, kokoto zikaanza,
maana mguu hujua kabla ya kichwa
kwamba umetoka mjini.

Halafu kisima.
Povu gumu, nimelichonga kwa kisu cha mkate,
nikalipaka rangi ya jiwe, nikalirudia,
nikalinyunyizia kahawa iliyolala. Hiyo kahawa ndiyo miaka mia.
Kina chake ni kimo cha mtoto wa darasa la tatu,
ila duara za mawe hupungua kadiri zishukavyo
na jicho, likidanganywa kwa adabu, huhesabu mita ishirini.
Chini kabisa, sinia la kioo la kuokea,
maji vidole vitatu, taa chini yake,
feni ya kompyuta kuyatetemesha.

“Na pampu iko wapi?”
Subiri, nikamwambia. Nyota haitokei tukio la kwanza.
Mtu akiegemea ukingo, ubao hubonyea,
tone moja hudondoka ndani ya spika,
na nyuma ya shashi Ziemowit huileta nuru polepole:
pampu, ya bluu, ndogo kama kuku,
peke yake, imelowa.

Wakainama. Wote.
Mhandisi wa Gdynia aligonga jiwe kwa ukucha,
akasema “povu”, akacheka, akainama.
Siku ya pili mtu akatupa sarafu.
Siku ya tatu sarafu zilikuwa arobaini na kitu,
maji yakafurika, taa ikazimika
saa sita mchana, foleni imefika kwenye mabomba.

Nikatambaa chini ya jukwaa, tochi mdomoni,
goti langu bovu likinitukana,
nikalala chali chini ya sinia.
Nikazima tochi ili wasinione.

Na juu, kupitia maji na sarafu, nyuso.

Mbunifu husimama nyuma ya ukumbi.
Miaka ishirini na sita nimeona visogo.
Sasa huyu mzee mwenye tai iliyopinda, midomo wazi;
huyu kijana aliyesahau simu yake sikioni;
mwanamke mmoja, kitambulisho kikining'inia kisimani,
akitazama giza langu
kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Taa sikuiwasha upesi.

Ijumaa saa kumi na moja. Mazulia yanakunjwa
wageni wangali juu yake.
Maagizo sitini na mawili, asema Bwana Lubomir,
na mwakani kisima kiwe kirefu zaidi.
Hakuna aliyepiga makofi. Siku hizi ninakula hivyo.
Sinia nimelifunga kwa gazeti, ni la dada yangu.
Sarafu zilitosha supu mbili, yangu na ya Ziemowit,
na mkate nusu.

Foklifti ikaja kuchukua povu.
Ikangoja, injini inanguruma,
kwa kuwa yeye aliyelipia kila kokoto,
ankara mkononi, miwani ikimteleza puani,
alikuwa ameinama.