Baisa Mia

Mshahara huingia tarehe ishirini na tano,
saa nane za usiku. Simu inalia mara mbili:
mlio wa kwanza, riali mia tatu na ishirini na tano zimeingia;
wa pili, benki imekata mia na kumi na nane.
Kati ya mlio na mlio
Msellem mume wangu ni tajiri.
Simwamshi.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.
Sisi hatukuhitaji fumbo. Ilikuwa harusi kweli,
ya wifi yangu Raya, hapa hapa Maabela:
hema la mataa, mbuzi kumi na wawili,
halua kwa masinia,
na mimi, bangili za kuazima mpaka kwenye kiwiko,
nawaambia wageni, kuleni, kuleni, bado ipo.
Raya keshaachika. Kaolewa tena Sohar, kimya kimya,
kwa kahawa na tende.
Wale mbuzi, kwa hesabu yangu,
tumefika wa saba.

Droo ya cherehani ina bahasha tano.
Nimeziandika kwa penseli.
Umeme. Maji. Basi la skuli la Ibtisam.
Bi Ghanima, mwenye bangili
(moja ilipotea usiku ule, na dhahabu haimngoji mtu,
kila nikiikaribia hupanda ngazi).
Ya tano: Mmalabari.

Mwezi wa sita joto haliombi hodi.
Bahasha ya Umeme huila bahasha ya Maji.
Tunalala sote chumba kimoja, kiyoyozi kimoja,
magodoro ukuta kwa ukuta,
na Msellem akirudi lindo alfajiri
huvuka miguu ya watoto
kama anavuka mtaro, viatu mkononi.
Nguru nampita sokoni Seeb
kama mtu niliyekosana naye.
Papa mkavu anatutosha, na ndimu, na maneno mengi.

Nakaanga sambusa. Mia kwa riali tano.
Ramadhani nzima mlango wangu ulikuwa na foleni
ya watoto waliotumwa na mama zao,
vibakuli mikononi, na mimi nimefunga
sionji chumvi, nakisia tu,
moshi umenikaa kwenye nywele hadi Idi.
Jirani akaniuliza, mashallah, biashara?
Nikamwambia, mazoezi.

Mmalabari anaitwa Moidini.
Duka lake lina upana wa mikono miwili
na daftari lake lina kurasa zaidi ya duka.
Mimi ni ukurasa wa arubaini na moja:
*Mama Ibtisam*, kwa mwandiko wake uliolala,
maziwa, unga, mafuta, unga, pampasi, unga.
Hakunidai hata siku moja mbele za watu.
Wakiwapo wengine huuliza tu, watoto wazima?
Na mimi najua anauliza nini.
Hilo nalo ni deni,
na halimo daftarini.

Jana nilimpelekea riali kumi na tisa.
Alizihesabu mara moja. Nilitaka azihesabu mara mbili.
Akapiga mstari mmoja wa bluu, uliopinda,
kutoka unga wa kwanza hadi unga wa mwisho,
halafu, kwa mazoea, akafungua ukurasa mpya
akaanza kuandika jina langu.
Nikaweka kiganja juu ya karatasi.
Tukatazamana. Akacheka yeye kwanza.
Akafunga daftari, akanirudishia chenji.

Benki bado, miezi thelathini na moja.
Bangili bado.
Lakini nilisimama nje, juani, karibu na mitungi ya gesi,
na noti ya baisa mia mkononi,
laini kama kitambaa kilichofuliwa sana,
na hakuna duniani mtu anayeidai.
Nikaikunja. Nikaikunjua.
Nyumbani nikavuta droo ya cherehani,
nikasoma bahasha moja moja,
nikairudisha noti kifuani.
Sina bahasha iliyoandikwa *Yangu*,
na penseli, niliitafuta usiku kucha,
Ibtisam kaenda nayo skuli.