Daftari la Ng'ombe

Baba hakusoma, lakini ana daftari.
Nyuma ya jalada lina jedwali la kuzidisha,
ndani lina ng'ombe.
Mjumbe wa nyumba kumi ndiye aliyeandika,
kalamu ya bluu, kisha nyekundu,
na palipokosekana kalamu, mkaa:
mwenye doa jichoni, wa mahari ya shangazi Yudithi;
mtamba mweusi, alikwenda kwa wajomba, hajarudi;
dume la pembe moja, deni la Lechipya.
Na katikati ya ukurasa, mwaka ule Damari anaota meno ya pili:
ishirini, wa Damari.
Kando yake, jina langu.

Ndiyo hesabu niliyoijua kabla ya moja na moja.
Dada ataingia kwa watu, ng'ombe wataingia zizini,
watalala miezi miwili, watatoka tena
kunifuatia mke.
Sikumwonea mtu ubaya. Nilimtazama dada akitwanga uwele
kama sisi tunavyotazama mawingu ya Novemba.

Kisha akafaulu.
Mwalimu Perusi alikuja na baiskeli, hakukaa.
Alitaja shule, akataja bweni, godoro, ndoo mbili.
Baba akauliza bei kama anayeuliza bei ya jeneza.
Mama, ambaye hatukuwahi kumsikia akikatiza mtu,
alisimamisha mchi ndani ya kinu:
"Uza yule wa doa."

Tulimuuza mnadani Msalato, jua la kupasua utosi.
Mwaka uliofuata tukauza mwingine.
Wa tatu, ukame ulitusaidia kuamua.
Kilabuni wanaume wa Handali walimwambia baba:
"Unamwagilia mzabibu wa jirani."
Baba alikunywa, akafuta povu mdomoni.
Jibu hakulipata siku ile.
Sidhani kama amelipata.

Nami? Niseme kweli, karatasi haina macho.
Nilikasirika.
Nilitimiza ishirini na tisa
nikiendesha bodaboda ya mtu, nikila mlenda wa mama,
wenzangu wakiitwa baba fulani.
Usiku nilifungua lile daftari kwa mwanga wa simu
nikajitafuta kati ya ng'ombe waliopigwa mstari.

Sasa Damari hupima viwanja mjini.
Huvaa buti na kofia ngumu ya njano,
husimama na chombo chake cha miguu mitatu
kwenye mbuga tulikochunga,
na wenye magari makubwa humsubiri
aseme mpaka uko wapi.
Ana miaka thelathini na mbili. Hajaolewa.
Shangazi Yudithi akija huuliza hilo kwanza, maji baadaye.
Damari hucheka: "Bado natafuta jiwe la mpaka, shangazi."

Mwezi wa sita alinitumia pesa kwa simu.
Maneno matano: Za ng'ombe. Kaoe. Mimi Damari.
Nililia nyuma ya zizi tupu.
Kama ni shukrani au aibu, hata leo sijui.

Nikaenda Mvumi kwa kina Foibe, shati limenyooka kwa pasi.
Alinisikiliza mpaka mwisho, vitabu vya uuguzi magotini.
"Mwaka mmoja na miezi minne," akasema. "Nikimaliza.
Na hizo pesa, ng'ombe usinunue bado.
Wewe shule uliachia darasa la ngapi?"

Sikujibu. Nilirudi polepole, vumbi menoni,
nikisema darasa la saba, la saba, la saba,
hadi neno likaacha kuwa na maana.

Jana nimejiandikisha masomo ya jioni, pale kanisani.
Tupo kumi na wanne. Mmoja ana wajukuu.
Walitaka kila mtu aje na daftari.

Baba alinitazama nikipekua sanduku.
Akaenda ndani, akakawia,
akarudi na lile lake, akalipangusa kwa kiganja.
"Zimebaki kurasa kumi na moja," alisema.
"Andika maandishi madogo."